Kwa Nini Vyura wa Maporomoko Hawana Sauti

Jambo hili lilianza siku ya nne tangu kuandama kwa mwezi unaofuata ule wa kupanda ulezi, saa kumi alasiri, kivuli cha Mlima Kivindu kikiwa kimefika katikati ya ndiva. Waliolipokea kutoka kwa wazee wao wanabishana juu ya mambo mengi, lakini juu ya siku na saa hawabishani.

Wakati huo vyura wa mlimani hawakuishi kwenye maporomoko kama leo. Waliishi ndani ya ndiva, bwawa ambalo watu wa Kivindu walilichimba kwa mikono yao na kulizungushia ukingo wa mawe na udongo wa mfinyanzi. Maji ya chemchemi yaliingia humo mchana na usiku. Chini ya ukingo, upande wa nje, palikuwa na tundu lililozibwa kwa kizibo cha mgomba. Kizibo kilipochomolewa alfajiri, maji yote yaliteremka kwa mfereji mmoja hadi kwenye shamba la mwenye zamu. Nyumba zilikuwa nane, kwa hiyo kila nyumba ilipata maji mara moja katika siku nane.

Na vyura walikuwa na sauti. Msidhani ni sauti ya kukoroma kama ya vyura wa mabondeni. Ilikuwa sauti nyembamba, ndefu, iliyosikika hadi shamba la mwisho. Ndani ya ndiva, kando ya ukingo, palikuwa na jiwe bapa lililolazwa juu ya mawe mengine mawili. Kila alfajiri vyura wa kike walikaa juu ya jiwe hilo, wamebanana, kimya. Maji yalipopanda na kuwalowesha matumbo, waliita wote kwa pamoja, na watu wakajua ndiva imejaa. Mzee Senkondo, mlinzi wa kizibo, alikichomoa papo hapo. Hakupanda ukingoni kuhakikisha. Kuchungulia majini baada ya vyura kuita kulihesabiwa kuwa tusi, sawa na kumwuliza mama mkwe kama chakula alichokupakulia kimeiva.

Palikuwa na sheria moja ngumu. Jua likichomoza kabla vyura hawajaita, zamu ya siku hiyo ilikuwa imekufa. Maji yaliachwa yaendelee kupanda, na aliyefuata ndiye aliyeyapata.

Sasa, palikuwa na mwanamke aliyeitwa Nakijwa, mke wa mwaka wa pili katika nyumba ya nane. Wengi walimwita Mama Mbonea, kwa jina la binti yake ambaye bado alikuwa wa kubebwa mgongoni. Mumewe alikuwa ameshuka nyikani kutafuta magadi, na mwaka huo Nakijwa alikuwa amekabidhiwa shamba lake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mama mkwe wake, Nampombe, alimpa kibuyu cha mbegu za ulezi kwa mikono miwili.

"Mkaza mwanangu," alimwambia, "hizi ndizo zote. Zilizokuwa darini panya wamezimaliza. Ulezi huu usipoota, mwakani nyumba hii haina cha kupanda. Na nyumba isiyo na cha kupanda, zamu ya nini?"

Nakijwa alielewa. Nyumba iliyopoteza mbegu ilipokonywa zamu, na nyumba isiyo na zamu ilihama mlimani. Alikwisha kuona moja ikihama: vyungu vitatu, mbuzi mmoja, na watoto waliogeuka nyuma kila baada ya hatua chache.

Alikuwa mtu wa kuhesabu, na wasiwasi ulimzidishia kuhesabu. Alijua kwamba alikuwa na majaruba kumi na mawili, kwamba kila mche ulikuwa na majani matatu, na kwamba mawili kati ya hayo yalikuwa yamejikunja kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Zamu yake ya kwanza tangu apande ilikuwa imekufa, kwani mwaka ulikuwa wa ukame na chemchemi ilitoka kwa kudondoka. Jua lilichomoza vyura wakiwa bado kimya. Kesho yake zamu ilikuwa ya jirani yake Naetwe, na kwa kuwa maji ya siku mbili yalikuwa yamekusanyika, vyura waliita hata kabla jogoo hajamaliza kuwika.

Naetwe alipita na jembe begani, akicheka. "Mama Mbonea! Kumbe vyura nao wanachagua watu! Mimi wameniitia hata uso sijanawa. Wewe uliwakosea nini, mwenzangu?"

Lilikuwa neno la utani, na Nakijwa alicheka kama ilivyopasa. Lakini kwa siku saba alilala nalo na kuamka nalo.

Basi siku hiyo ya nne, kesho yake ikiwa zamu yake, Nakijwa alipanda ndivani alasiri na mpini wa jembe mkononi. Vyura walikuwa wamelala chini ya nyasi, wakikimbia jua. Alichovya mpini, akapima. Tangu kizibo kirudishwe asubuhi, maji yalikuwa yamepanda shibiri mbili. Hadi alfajiri yangefika shibiri tano kasoro. Jiwe la vyura lilikuwa kwenye shibiri ya sita. Alipima tena, akiomba amekosea. Hakuwa amekosea. Zamu yake ingekufa mara ya pili, na miche isingefika ya tatu.

Ndipo alipolitazama jiwe. Lilikuwa limelala juu ya mawe mawili, na kila moja la hayo lilikuwa na kimo cha shibiri moja na nusu.

Hapakuwa na sheria iliyokataza kulishusha jiwe, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuwaza kwamba lingeweza kushushwa. Nakijwa aliinama, akayavuta mawe ya chini, moja halafu la pili, akalilaza jiwe bapa taratibu mahali palipobaki. Jiwe lilimteleza, likamchuna kidole. Alijiambia kwamba hamwibii mtu. Maji yalikuwa ya zamu yake mwenyewe, tena angeyachukua pungufu. Nani angeumia? Alihesabu nyumba zote saba nyingine, moja moja, hata ya Naetwe, ambaye naye angeitiwa mapema jiwe likiwa chini, na hakuona hata moja ambayo ingeumia. Akateremka.

Alfajiri ilipokaribia, kabla anga halijaanza kupauka, vyura waliita.

"Mapema hivi?" Mzee Senkondo alijisemea alipokuwa akitafuta fimbo yake. Lakini vyura walikuwa wameita, na kazi yake haikuwa kubishana nao. Alikwenda chini ya ukingo, akapapasa, akachomoa kizibo. Maji yakatoka kwa kishindo.

Nakijwa alikuwa shambani tayari, Mbonea mgongoni, jembe mkononi. Aliyasikia maji kabla ya kuyaona. Yaliingia jaruba la kwanza, naye akaziba, akafungulia la pili, akaziba, akafungulia la tatu. Hakuwa na taa wala hakuihitaji, kwani miguu yake iliijua kila njia. Maji yalikuwa mazito, yakimteleza juu ya nyayo na kati ya vidole, na alifurahi. Alidhani ni tope la chini ya ndiva, tope jeusi lenye rutuba ambalo wazee walisema linashinda mbolea ya mbuzi. Akalisambaza kwa miguu ili kila mche upate. Kufikia jaruba la kumi na mbili maji yalikuwa yameisha, na alikuwa akiimba kwa sauti ya chini.

Kisha kukapambazuka.

Ardhi ilikuwa na kiu, ikayanywa maji upesi. Maji yalizama, lakini weusi haukuzama. Ulibaki juu ya udongo, kutoka jaruba la kwanza hadi la mwisho, ukimetameta. Nakijwa alikaza macho. Weusi ulikuwa unatikisika.

Aliinama. Walikuwa viluwiluwi. Hawakuwa kumi wala mia. Shamba zima lilikuwa limejaa viluwiluwi, wamelaliana, wakipiga mikia juu ya udongo uliokuwa ukikauka, vinywa vikifunguka na kufungika pasipo maji. Katika nyayo zake mwenyewe, zile alizozikanyaga akisambaza, hapakuwa na kilichotikisika.

Alisimama ameinua mguu mmoja, kwa sababu hakujua pa kuuweka.

Hivyo ndivyo Naetwe alivyomkuta. Alikuwa anakuja na utani wake mdomoni, "Mama Mbonea, leo vyura wamekupenda..." na neno likamfia hapo hapo. Jembe lilimdondoka begani. "Ni nini hiki?" aliuliza. "Mwenzangu, ni nini hiki?"

"Vibuyu," Nakijwa alisema. "Leta vibuyu. Leta maji."

Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Asubuhi hiyo watu wa Kivindu walijaribu kuyazoa. Nampombe alikuja mbio na mtungi wa maji ya kunywa, akaumimina wote katika kibuyu kikubwa. Wanawake wa nyumba zote nane walipiga magoti shambani, wakiokota kwa ncha za vidole vitu laini kama macho, wakividondosha majini. Vingi vilizama bila kutikisika. Jua lilipanda. Lilikuwa jua la siku zote, halikuwa kali zaidi, lakini lilipofika juu ya miti weusi wa shamba ulikuwa umeacha kumetameta. Nakijwa alihesabu waliokuwa wakiogelea ndani ya kibuyu. Walikuwa arobaini na watatu.

Ndipo mtu mmoja aliposema, "Tazameni mferejini."

Vyura wa kike walikuwa wanateremka. Hakuna aliyewahi kuwaona wakitoka ndivani mchana. Walikuja mmoja nyuma ya mwingine katika mfereji uliokauka, wakiruka, wakipumzika, wakiruka tena. Mbele alikuwa kikongwe wao, chura mwenye ngozi ya rangi ya jiwe lililolowa. Walipofika walijipanga juu ya tuta la shamba, upande mmoja wote, wakatazama. Walitazama kwa muda mrefu. Watu waliokuwa wamepiga magoti hawakuthubutu kusimama.

"Mlinzi wa kizibo," kikongwe wa vyura alisema. "Nani alikwambia ufungue?"

Mzee Senkondo aliegemea fimbo yake. "Ninyi, bibi. Mliita."

"Ndiyo," alisema kikongwe. "Tuliita."

Akageuka kwa wenzake, na ilikuwa kana kwamba ndiyo kwanza analisikia neno lile. "Tuliita," alirudia. "Tuliita sisi wenyewe." Chura mmoja kijana alijificha uso kwa mikono yake midogo.

"Lakini ndiva ilikuwa haijajaa," Senkondo alisema kwa unyonge. "Maji yaliyotoka yalikuwa machache, nimeyaona. Mbona mliita?"

"Matumbo yetu yalilowa. Tangu mama zetu, tumbo likilowa juu ya jiwe lile, tunaita." Kikongwe aliwageukia wanawake. "Mnajua tulikuwa tunaita nini?"

"Kwamba imejaa," Naetwe alijibu. "Mnatuita tuje kuchukua maji."

"Kuwaita ninyi?" kikongwe alimtazama. "Mama, sisi hata majina yenu hatuyajui. Watoto wetu hulala mbele ya kizibo, penye tope la baridi, mpaka maji yapande. Maji yakifika kwenye nyasi za ukingoni, nao hupanda kula ule utando wa kijani unaoota kwenye mashina. Tumbo likilowa juu ya jiwe, ina maana maji yamefika kwenye nyasi, na chini hakuna mtoto hata mmoja. Hapo tunaambiana: wamepanda, wako salama. Tunaambiana wenyewe kwa wenyewe. Ninyi mlisikia, mkaanza kufungua, nasi tukaona hakuna ubaya, kwa kuwa watoto wameshapanda."

Miaka yote hiyo, vizazi vyote hivyo, watu wa Kivindu walikuwa wamejivunia vyura wao watumishi. Walikuwa wanasikiliza akina mama wakihesabu watoto wao.

Nakijwa alisikia maneno yanatoka kinywani mwake kabla hajayapanga. "Mimi nilishusha jiwe."

"Sema tena, Mama Mbonea," Mzee Senkondo alimwambia.

"Jana, saa kumi. Nilitoa mawe ya chini. Nililishusha shibiri moja na nusu." Alisema na kipimo, kana kwamba kipimo kingemsaidia. "Zamu yangu ilikuwa inakufa. Sikujua kwamba watoto wako chini. Nilihesabu nyumba zote. Sikuihesabu yenu."

Nampombe aliweka mikono yote miwili kichwani, akakaa chini kwenye udongo kama mtu aliyekatwa miguu. Wanawake wengine walimtazama Nakijwa kama wanavyomtazama mtu aliyerudi kutoka kaburini, bila hasira, kwa mshangao ulioshindwa kupata sura.

Kikongwe wa vyura aliruka akashuka kwenye tuta, akapita kati ya wanawe waliokufa bila kumkanyaga hata mmoja, akafika mbele ya Nakijwa. Kila mtu alingojea laana. Nakijwa aliingojea pia, tena aliitaka.

"Miche yako ina majani mangapi?" kikongwe aliuliza.

"Matatu."

"Yamekunjuka?"

Nakijwa alitazama. Alikuwa hajaiangalia miche tangu kupambazuke. Yote ilikuwa imesimama, kijani, majani yamefunguka, matone ya maji yakiwa bado kwenye vikonyo.

"Yamekunjuka," alisema, na hapo ndipo alipolia.

Kikongwe hakumlaani. Alisema tu, "Chukua kibuyu, unifuate."

Wakapanda, vyura mbele, Nakijwa nyuma na kibuyu kifuani, na watu wote nyuma yake. Walifika ndivani, lakini vyura hawakusimama. "Maji yanayopandishwa na kushushwa kwa mkono wa mtu si nyumba," kikongwe alisema, akaipita ndiva alikozaliwa bila kugeuka. Walipanda juu zaidi, wakapita chemchemi, wakazunguka bega la mlima, hadi mahali ambapo mto wa Kivindu unaanguka kutoka jiwe hadi jiwe, mweupe, ukinguruma, usio na chini wala juu. Hapo hapakuwa na kitu cha kupima. Hapangeweza kuzibwa na yeyote.

"Mimina," kikongwe alisema.

Nakijwa alichota mmoja kwa kiganja, akamwachia majini. Mto ulimnyakua hata hakuonekana alikopita. Watu waliguta wote kwa pamoja. Nakijwa aliurudisha mkono kifuani.

"Siwezi," alisema. "Bibi, watachukuliwa wote. Wamebaki arobaini na wawili."

"Nipe mmoja."

Kikongwe alimpokea kiluwiluwi kwa mikono miwili. Alimpeleka kwenye jiwe lililokuwa likipigwa na maji, akamkandamiza kinywa juu ya jiwe hilo, akamshikilia huku maji yakiwapitia vichwani. Akamsemesha, na sauti yake nyembamba ilisikika juu ya ngurumo ya mto.

"Shika. Shika kwa kinywa, ndicho pekee ulicho nacho. Usiache hata maji yakivuta. Usiache hata chini kukifunguliwa. Usiache hata mama yako akikuita." Alimkandamiza tena. "Na ili usije ukadanganywa na sauti ya mama yako, mama yako hatakuita tena."

Akafumba kinywa. Wenzake wote juu ya mawe, mmoja baada ya mwingine, wakafumba vinywa vyao. Mpaka leo hakuna aliyesikia neno la baada ya hilo.

Kiluwiluwi alishika. Midomo yake ilitanuka, ikasambaa pande zote juu ya jiwe kama kikombe kilichofudikizwa, na maji yakampita juu bila kumng'oa. Nakijwa alimtoa wa pili, akamkandamiza vile vile kwa kidole chake kilichochunika, akahesabu moyoni hadi kumi, akaondoa kidole. Naye alishika. Wa tatu alishika. Kazi hiyo ilimchukua hadi alasiri, na maji ya mto yalikuwa baridi hata vidole vilikufa ganzi. Alipomaliza, arobaini na wawili walikuwa juu ya jiwe, weusi, kimya, mikia yao ikicheza na mto. Mama zao walikuwa wamekaa kandokando, macho wazi, makoo yao yakipanda na kushuka bila kutoa mlio wowote.

Na tangu siku hiyo, mtu akipanda Kivindu hadi kwenye maporomoko, atawakuta vyura juu ya mawe yaliyolowa, wa rangi ya mawe yenyewe. Hata akingoja kutwa nzima, hatawasikia wakiita. Akiinama ataona watoto wao wameng'ang'ania jiwe kwa vinywa katikati ya maji ambayo yangemwangusha mtu mzima, na akijaribu kumbandua mmoja, atashangaa nguvu ya kitu kidogo kiasi kile. Hawaachi mpaka miguu iwaote. Wakiachia, huwa wameshapoteza desturi ya kusema.

Hiyo ni habari ya vyura. Habari ya watu ilianza kesho yake asubuhi.

Zamu ilikuwa ya Naetwe. Mzee Senkondo alikuwa chini ya ukingo tangu alfajiri, mkono juu ya kizibo, kwa sababu mkono wake haukujua kazi nyingine ya kufanya saa hiyo. Watu walikusanyika nyuma yake. Anga lilipauka, likawa jekundu. Hakuna kilichoita. Kimya kile kiliwatisha kuliko kelele yoyote, na mtoto mmoja aliposema, "Wamelala?" mama yake alimziba mdomo.

Jua lilichomoza.

"Basi," Senkondo alisema kwa sauti nzito. "Zamu ya Naetwe imekufa."

Nakijwa alitoka nyuma ya watu. Alimfungua Mbonea mgongoni, akampa Nampombe, ambaye alikuwa hajasema naye tangu jana. Nampombe alimtazama, kisha akampokea mtoto. Nakijwa alikaza nguo yake kiunoni, akapanda ukingo ambao hakuna mtu aliyethubutu kuupanda saa za asubuhi, akaingia majini. Watu walishika vinywa. Maji yalimfika kiunoni. Aliinama hadi shavu likagusa maji, akapapasa mbele ya kizibo, penye tope la baridi, kwa viganja vyote viwili, kushoto, kulia, tena na tena. Palikuwa patupu. Akajiinua, akazitazama nyasi za ukingoni. Zilikuwa kavu, shibiri moja na zaidi juu ya maji.

"Mama Mbonea, toka, utaganda!" Naetwe alimwita kutoka chini, jembe bado begani. "Zamu imekufa, mwenzangu. Acha tu."

"Haijafa," Nakijwa alisema. Meno yalikuwa yakigongana. "Baba Senkondo, haijafa. Maji yanakuja. Nitakaa humu hadi yafike kwenye nyasi."

"Na nani atatuambia yamefika?" mzee aliuliza.

Nakijwa aligeuka, akiwa amesimama katikati ya ndiva isiyo na vyura, akajaza kifua pumzi, akafungua kinywa, na kwa sauti iliyopasuka njiani lakini ikafika hadi shamba la mwisho, akaita:

"Bado!"

Chini ya ukingo, Senkondo alitoa mkono kwenye kizibo. Naetwe alishusha jembe, akaliweka chini, akaketi juu ya mpini wake kungoja.